Akiba ya Saa Nane Usiku

Wengi wenu hutumia chumba cha kompyuta kila wiki, lakini ni wachache wajuao kinachofanyika mle baada ya kengele ya kuzima taa. Nataka kuwaeleza jambo hilo kwa sababu mbili. Kwanza, ni elimu yenye faida. Pili, muhula uliopita nilifanya kosa lililoipotezea shule kitu kisichonunulika, nami sipendi atakayeshika kazi yangu alirudie.

Seva ni kompyuta ambayo kazi yake ni kuzitumikia kompyuta nyingine. Sisi tunazo mbili za kuhifadhia kazi. Ya kwanza imo katika chumba cha kompyuta, na ndani yake mna mitihani ya miaka iliyopita, picha za mahafali, matoleo ya gazeti hili na kazi za vyama vyote. Ya pili imo katika maktaba. Tuliitenga makusudi, ili moto ukiwaka au mwizi akiingia katika jengo moja, visipotee vyote. Kati yake umepita waya wa mtandao wa mita 70 hivi, kwa maana waya wa shaba wa namna hii haufai kuzidi mita 100.

Hapo mwanzo tulinakili kwa mkono kila Ijumaa. Ijumaa ya mechi tulisahau, na Ijumaa ya mtihani tukasahau tena. Kazi inayongoja mtu aikumbuke haikosi siku itasahauliwa. Ndipo mwalimu wetu akatuambia tuifundishe mashine ifanye yenyewe. Ili iweze, mambo matatu yahitajiwa.

La kwanza ni programu ya kunakili. Sisi twatumia rsync, iliyotolewa mwaka 1996 na Andrew Tridgell na Paul Mackerras huko Australia. Uzuri wake ni kwamba hutazama ukubwa wa kila faili na saa ilipobadilishwa mara ya mwisho. Faili isiyobadilika huiacha, na iliyobadilika hupeleka zile sehemu mpya tu. Usiku wa kwanza kunakili gigabaiti 60 kulichukua karibu saa moja u nusu, lakini sasa ni dakika chache.

La pili ni ufunguo. Usiku hakuna mtu wa kuandika neno la siri, kwa hiyo seva zetu hutambuana kwa njia iitwayo ssh. Funguo mbili hutengenezwa pamoja. Wa siri hauondoki katika seva ya maktaba, na wa wazi huwekwa katika seva ya kwanza. Angalieni kwamba seva ya maktaba ndiyo inayokwenda kuchota, wala si ya kwanza inayopeleka. Kirusi kikiingia katika seva ya kwanza, hakitakuta humo ufunguo wa kufungulia ghala la pili.

La tatu ni saa. Programu iitwayo cron huanzisha kazi kwa wakati uliopangwa, nawe huipangia kwa nafasi tano: dakika, saa, tarehe, mwezi na siku ya juma. Mstari wetu waanza hivi: 0 2 * * *. Nyota maana yake ni “kila”. Hapa niliwachekesha wenzangu. Nilitaka saa nane usiku, nikaandika 8. Kumbe mashine huanza kuhesabu saa sita ya usiku, wala haihesabu kama sisi! Kazi ikaanza saa mbili asubuhi, Kidato cha Pili wakiwa katikati ya somo, na kila kompyuta ikawa nzito kama gunia lililolowa maji. Saa nane yetu ya usiku ni saa 2 ya mashine. Tena cron hailipi deni. Umeme ukikatika saa ile, kazi ya usiku ule imepita, na mwanafunzi wa zamu hana budi kutazama asubuhi kama nakala ilifanyika.

Sasa nije kwenye kosa langu. Rsync inayo amri iitwayo --delete, yaani kilichofutwa kwenye seva ya kwanza kifutwe na kwenye ya pili, ili zote mbili zilingane. Niliiweka nikiona ni usafi. Siku ya Ijumaa mwenzetu mmoja, akitafuta nafasi, alifuta kwa bahati mbaya folda ya Chama cha Historia. Ndani yake mlikuwa na sauti za wazee kumi wa vijiji vya jirani, wakieleza habari za kale. Saa nane usiku seva ya pili ikatii amri yangu, ikafuta nayo. Jumatatu tulipozitafuta, hazikuwako huku wala kule.

Sauti saba tulizipata katika simu ya mwalimu aliyewarekodi wazee hao. Wazee wawili walikubali kwa wema kusimulia upya. Wa kumi alikuwa amefariki wakati wa masika. Mjukuu wake yumo humu shuleni, naye alipoomba aisikie sauti ya babu yake, mimi ndiye niliyepaswa kumjibu.

Hapo nilifahamu kwamba nakala inayofuata kila kitu ni kioo tu. Ukijipaka masizi, nacho chaonyesha masizi. Akiba ya kweli hukumbuka jana.

Basi tukatengeneza upya. Diski za seva ya maktaba sasa zimepangwa kwa mfumo wa ZFS, ambao waweza kushika picha ya hali ya mafaili yote kwa wakati mmoja. Picha hiyo haijazi diski upesi, kwa kuwa hutunza tu yale yaliyobadilika tangu iliposhikwa. Twaweka picha 7 za siku, 4 za majuma na 12 za miezi. Kosa la Ijumaa sasa laweza kurekebishwa Jumatatu, au hata mwezi ujao. Pia ipo diski ya tatu, ambayo mwalimu huichukua kila mwisho wa mwezi na kuiweka nje ya shule.

Hata hayo hayatoshi. Mwaka 1998 huko Marekani, studio ya Pixar ilipokuwa ikitengeneza filamu ya Toy Story 2, amri ya kufuta ilitolewa kwa makosa na sehemu kubwa ya filamu ikatoweka. Walipoziendea nakala zao za akiba, waliziona hazifai, kwa maana unakili ulikuwa umeharibika bila mtu kujua. Waliokolewa na nakala aliyokuwa nayo nyumbani Galyn Susman, mmoja wa wakuu wa kazi ile, aliyekuwa akifanyia kazi nyumbani kwa sababu ya mtoto mchanga. Studio kubwa iliponea bahati, lakini shule isiitegemee bahati.

Kwa hiyo kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi twapiga kura kuchagua faili moja, twairudisha kutoka katika akiba na kuifungua mbele ya mwalimu. Kisha twaandika katika daftari: tarehe, jina la faili, na kama imefunguka. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Wenzangu wa Kidato cha Tatu, mwisho wa mwaka sisi twaondoka, na daftari hilo litakuwa mikononi mwenu. Mashine itanakili kila usiku bila kuchoka, lakini haitajua kama ilichonakili chafaa. Kujua hilo ni kazi yenu. Jumamosi ikifika, hata kama kuna mechi, fungueni faili moja kwanza.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne