Haraka ya ‘chakula cha haraka’ ni ya nani?

HEBU tuitazame sentensi hii: ‘Waathiriwa wa ukame kule Turkana wanahitaji chakula cha haraka.’ Je, wanaomba unga na maharagwe yafikishwe upesi, au wamechoka na unga sasa wanataka kuku na chipsi? Aliyekusudia maana ya kwanza angeandika ‘wapelekewe chakula kwa haraka’. ‘Kwa haraka’ hufafanua kitenzi. ‘Cha haraka’ hufafanua nomino. Najua tunasema ‘msaada wa haraka’ na hatukosei, ila kwa chakula kirai hicho kimekwisha kupewa kazi nyingine: kutafsiri ‘fast food’ ya Waingereza.

Haraka inayokusudiwa humo ni ya kuhudumiwa, si ya kupika. Githeri huchemka kwa saa kadhaa. Lakini ukifika kibandani saa saba mchana na mama akakupakulia kabla hujaketi vizuri, hicho ni chakula cha haraka. Mayai unayojikaangia nyumbani kwa dakika tano sicho, japo yameiva upesi, kwa kuwa hakuna aliyekuuzia. Wengi pia hukitumia kirai hiki kana kwamba ni jina la vyakula vyenye mafuta tele. Mahindi ya kuchemsha yanayouzwa stejini ni ya haraka, na sioni ubaya wake. Anayetaka kuonya kuhusu lishe duni aseme ‘lishe duni’, basi.

Sasa chipsi. Wapo wanaowakaripia vijana wakidai tuseme ‘vibanzi’. Kibanzi ni kipande chembamba cha ukuni. Wasomaji wa Biblia wanakikumbuka kikiwa jichoni mwa ndugu, karibu na boriti. Kukihamishia kwenye viazi ni ubunifu mzuri kwa sababu ya umbo, nami hulitumia neno hilo ninapoandika. Hata hivyo, ‘chipsi’ imejipatia uraia: ina irabu mwishoni, imetulia katika ngeli ya I-ZI, na ukiitamka kibandani hakuna atakayekukodolea macho. Kosa ni kuchanganya upatanisho na kusema ‘vibanzi hizi’, jambo ambalo nimelisikia hata redioni.

Mitaani, wenye lugha yao wala hawangoji uamuzi wetu. Wana ‘chipo mwitu’, zile zinazokaangwa kando ya barabara, nje ya ukuta na kanuni za mkahawa, kama mmea uliojiotea bila kupandwa na mtu.