Makaburi ya Warumi: Siri ya mikono iliyoshikana

MTOTO mwenye mabawa amesimama, kichwa kimeinama, na mwenge aliouelekeza chini unakaribia kuzimika. Mchoro huu umo kwenye majeneza mengi ya mawe ya Warumi wa kale, na hata asiyejua neno moja la Kilatini huutambua mara moja kuwa ni wa msiba.

Si alama zote zinazosomeka kwa wepesi huo. Kuna mashada ya maua na matunda, pomboo, simba wanaorarua windo na miungu walio katika mapenzi. Mnamo 1942, mtaalamu wa Ubelgiji, Franz Cumont, alichapisha kitabu kikubwa akieleza kwamba michoro hiyo ilibeba imani kuhusu safari ya roho baada ya kifo. Miaka minne baadaye, Arthur Darby Nock wa Chuo Kikuu cha Harvard alimpinga. Kwake, mengi ya hayo yalikuwa mapambo na mazoea ya mafundi, na si lazima kila shada liwe na fundisho la dini ndani yake.

Hoja ya Nock hupata nguvu mtu anapouliza nani aliyelipia kaburi, na alitaka lionwe na nani. Sheria ya kale ya Roma ilikataza kuzika ndani ya mji. Kwa sababu hiyo makaburi yalipangwa kando ya barabara kuu kama Via Appia, na kila msafiri aliyapita.

Miongoni mwa waliojitangaza huko kwa bidii ni watumwa walioachwa huru. Wengi wao walichongwa mume na mke wakitazama mbele, wameshikana mikono ya kulia. Leo mtu atadhani ni picha ya mahaba tu. Ilhali mtumwa wa Kirumi hakuweza kuoa wala kuolewa kisheria, na watoto wa mjakazi walikuwa mali ya bwana wake. Mikono hiyo iliyoshikana, basi, ilikuwa ushahidi uliochongwa katika jiwe: kwamba wawili hawa sasa ni mume na mke mbele ya sheria, na hakuna awezaye kuwatenganisha kwa kuwauza.

Fahari ya kazi nayo ilipata nafasi yake. Karibu na lango la Porta Maggiore mjini Roma lingali limesimama kaburi la mwoka mikate, Marcus Vergilius Eurysaces, lililojengwa katika karne ya kwanza kabla ya Kristo. Juu yake imechongwa kazi yote ya kiwanda chake, kuanzia nafaka hadi mikate inayopimwa kwenye mizani. Matundu makubwa ya mviringo yaliyo ukutani yanadhaniwa kuwakilisha mitambo ya kukandia unga. Wataalamu wengi huamini kuwa naye aliwahi kuwa mtumwa. Hapo hakuna mungu wala malaika, kuna mkate.

Mbali sana na Roma, kaskazini mwa Uingereza, lilipatikana mwaka wa 1878 jiwe la kaburi la Regina, aliyefariki akiwa na umri wa miaka 30. Ameketi, kikapu cha madonge ya sufu kando yake na kisanduku cha vito upande wa pili. Sufu ilikuwa alama ya mke mwema mwenye bidii nyumbani. Aliyemsimamishia jiwe ni Barates, mtu wa Palmyra nchini Syria, ambaye kwanza alikuwa bwana wake, kisha akamwacha huru na kumwoa. Kilatini kinaeleza hayo yote kwa urasmi. Chini yake Barates aliongeza mstari mmoja kwa lugha ya kwao, unaomalizikia kwa neno la kilio.

Desturi ya kuzika badala ya kuchoma maiti ilipoenea katika karne ya pili, matajiri walianza kuagiza majeneza ya marumaru yaliyojaa visa vya kale. Moja lililopatikana Ostia, na ambalo sasa limo katika jumba la makumbusho la Metropolitan, New York, liliagizwa na Aninia Hilara kwa ajili ya mama yake, Claudia Arria, aliyeishi miaka 50 na miezi 10. Kisa chake ni cha Selene, mungu wa mwezi, anayeteremka garini kumwendea Endymion, kijana aliyelala usingizi wa milele. Marehemu ni mwanamke, anayelala ni mwanamume. Yamkini binti huyo hakutaka kusema kwamba mama yake ni Endymion. Alitaka kusema kwamba amelala, na kwamba aliyempenda bado anamjia.

Mkao huo wa Endymion haukutoweka Ukristo ulipoingia. Kwenye jeneza la mwishoni mwa karne ya tatu lililoko Vatican, Yona ametoka tumboni mwa samaki na kupumzika chini ya mtango, uchi, mkono mmoja juu ya kichwa, kama alivyolala yule kijana wa Selene.