Anayelala Mwisho na Kuamka Mwanzo

 

Siku hizi afya ya akili kazini inatajwa sana. Mabenki, mashirika na ofisi za serikali huwaita wataalamu wakazungumza na wafanyakazi juu ya uchovu, sonona na wasiwasi, na si bure. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba sonona na wasiwasi huupotezea ulimwengu siku za kazi zipatazo bilioni 12 kila mwaka. Lakini aghalabu msomaji wetu huyasikia hayo akadhani yanawahusu watu wa maghorofani, waketio mbele ya kompyuta. Haimpitikii kwamba yeye mwenyewe ni mwajiri, na kwamba mahali pa kazi anapopasimamia ni jiko lake, ua wake na chumba cha watoto wake.

Mfanyakazi wenu ni yule binti anayeamka kabla ya adhana ya alfajiri, akalala baada ya sahani ya mwisho kuoshwa. Wengine humwita dada, wengine yaya, na wengine bado wana ulimi wa zamani wa kusema kijakazi, neno ambalo ningependa lizikwe pamoja na zama zake. Mwenye ofisi hutoka kazini saa kumi na moja akaenda kwake akavua viatu. Huyu hana pa kutoka. Anapofanyia kazi ndipo anapolala, na anayemwamrisha ndiye anayemlisha. Akikaripiwa asubuhi, hana mwenzake wa kumnong'onezea mchana, wala mama wa kumlilia usiku.

Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 imempa kila mwajiriwa angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba. Imempa likizo yenye malipo isiyopungua siku 21 za kazi kwa mwaka. Akiugua baada ya miezi miwili ya utumishi, naye ana cheti cha daktari, ana siku saba kwa mshahara kamili na siku saba nyingine kwa nusu mshahara. Sheria haikusema "isipokuwa mtumishi wa nyumbani". Ni nyumba ngapi mtaani kwetu zinazotoa hata hiyo siku moja? Mimi nimeuliza katika darsa za akina mama, na jibu la kwanza huwa ni kicheko.

Tuutazame mwezi wa Ramadhani, kwa sababu ndani yake mambo haya huonekana waziwazi. Mchana hukunwa nazi, hukandwa unga wa mahamri, hufungwa sambusa, hukaangwa kaimati na viazi karai. Wageni wa futari huja, na wakiondoka huacha rundo la vyombo. Wenyewe huenda tarawehe, yeye hubaki na masufuria. Saa sita za usiku ndipo anaponyoosha mgongo, na saa tisa ataamshwa apashe daku. Siku thelathini za hivyo, tena mara nyingi naye amefunga. Kisha siku ya Idi tunashangaa kwamba binti amekuwa mkali kwa watoto, amesahau chumvi, amevunja glasi. Usingizi mchache peke yake hutosha kumwondoa mtu mzima katika utulivu wake, sembuse ukichanganyika na upweke. Sisemi futari zisipikwe. Nasema aina tano za vitafunio si nguzo ya saumu, na kijana wa kiume wa nyumba hiyo ana mikono miwili ya kuoshea sahani.

Katika kazi yetu hii sisi masheikh huitwa kusoma ruqya. Nimeitwa zaidi ya mara moja kumsomea mtumishi wa nyumbani, na siku moja niliambiwa mlangoni kabla sijaketi kwamba ana jini la kuzimu: halali, hali, hulia bila sababu, na akiitwa hasikii. Nikasoma nilichosoma, maana Qur'ani ni shifaa na sina shaka na hilo. Kisha nikaomba niseme naye, bi mwenye nyumba akiwa pale pale. Nilimuuliza analala saa ngapi. Nikamuuliza ana mtoto. Alikuwa naye, wa miaka mitatu, kwa bibi yake, na hakumwona tangu miezi kumi. Simu yake ilikuwa imefungiwa kabatini ili "asipoteze wakati", akipewa Jumapili kwa dakika chache. Mshahara wa miezi miwili alikuwa hajalipwa, na huko kwao bibi alikuwa akikopa unga dukani. Aliyasema hayo kwa sauti ndogo, macho yakiwa sakafuni. Bi mwenye nyumba hakuwa mtu mbaya. Aliniambia, "Sheikh, mbona hakuniambia?" Nami nikamuuliza angemwambia saa ngapi.

Simaanishi kwamba hakuna majini, wala kwamba kila mwenye huzuni ameonewa na mwajiri wake. Yako maradhi ya nafsi ambayo humpata mtu hata akiishi katika raha, kama vile kisukari kinavyompata aliye mwembamba. Wanazuoni wetu waliyajua haya zamani. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu kizima juu ya siha ya mwili na ya nafsi, akaeleza kwamba nafsi nayo huugua na ina tiba yake. Huko Damascus na Cairo hospitali za Waislamu ziliwapokea wagonjwa wa akili karne nyingi zilizopita. Kwa hiyo anayesema kwamba sonona ni upungufu wa imani atueleze juu ya Nabii Ya'qub (A.S.), ambaye Qur'ani imetueleza kwamba macho yake yalipofuka kwa majonzi ya kutengana na mwanawe. Na yule binti naye ametengana na mwanawe.

Anas bin Malik (R.A.) alipelekwa kwa Mtume (S.A.W.) akiwa mtoto wa miaka kumi, akamtumikia miaka kumi. Amesimulia mwenyewe kwamba katika muda wote huo hakuguniwa hata mara moja, wala hakuulizwa kwa nini amefanya hili au ameacha lile. Ni Anas huyo huyo aliyetupokelea dua mashuhuri ya kujikinga na hamu na huzuni, dua aliyokuwa akiisikia mara kwa mara kwa kuwa karibu na Mtume akimhudumia. Wanazuoni wameeleza kwamba hamu ni dhiki ya jambo lijalo, na huzuni ni majonzi ya lililopita. Ndani ya dua hiyo mmetajwa pia kulemewa na deni na kukandamizwa na watu. Mara nyingi huisoma dua hii nikawaza kwamba mambo hayo manne yakikusanywa, hupatikana yote kwenye kijitanda cha mtumishi asiyelipwa.

Kuhusu ujira, maneno hayahitajiki mengi. Hadithi ya kumlipa mfanyakazi kabla jasho lake halijakauka kila mtoto wa madrasa anaijua. Na katika Sahihi Bukhari imepokewa kwamba miongoni mwa watu watatu ambao Mwenyezi Mungu mwenyewe atakuwa mgomvi wao Siku ya Kiyama ni aliyemwajiri mtu, akaitimiza haja yake kwake, kisha asimpe ujira wake. Hapa waume zetu wasikae kando wakimtazama bi mwenye nyumba. Mara nyingi fedha zimo mfukoni mwa mume, naye ndiye anayesema "ngojea mwisho wa mwezi ujao".

Tunalia, tena kwa haki, tunaposikia habari za binti zetu waliokwenda Saudia na nchi nyingine za Ghuba kutumika majumbani, wakanyang'anywa pasipoti na simu, wakanyimwa siku ya kupumzika. Tunamwomba Mungu awalaani waliowatesa. Basi huyu wa kutoka Kitui au Kakamega, aliye jikoni kwetu, naye anaombewa na mama yake dua hiyo hiyo. Kama si Muislamu, hilo halimwondolei haki hata moja. Dua ya mwenye kudhulumiwa haina pazia.

Atakaye kuanza na aanze na usingizi wa saa saba, simu yake mkononi mwake, siku yake ya juma ambayo haiombi wala haikopeshwi, na mshahara kwa tarehe. Amuulize habari za nyumbani kwao akiwa ameketi, si akiwa amesimama na ufagio. Watoto wa nyumba wafunzwe kumwita kwa heshima, maana tusi la mtoto wa miaka sita humchoma mtu mzima kuliko la mama yake. Chama cha wafanyakazi wa majumbani na mahotelini, KUDHEIHA, kipo kwa ajili ya haki zao, na kumweleza mtumishi kwamba chama hicho kipo si kumchochea.

Dalili zikizidi, yaani wiki mbili zinapita halali, hali, hajishughulishi na kuoga, au anasema maneno ya kutamani kufa, hapo si mahali pa karipio wala pa kungoja. Asiachwe peke yake, asikabidhiwe mtoto mchanga, na apelekwe kwa daktari. Hapa Mombasa, hospitali ya Port Reitz ina huduma ya wagonjwa wa akili. Ruqya isomwe na dawa itumiwe, hayo mawili hayagombani. Kilichozoeleka mitaani kwetu ni kumpandisha basi la usiku na mfuko wake wa nguo, nyumba ipate utulivu. Kama ni lazima arudi kwao, na apande basi la mchana, mtu wa kumpokea akiwa amekwisha kupigiwa simu, na mshahara wake wote ukiwa mkononi.