Urembo wa Meza ya Kazi na Makabati: Fedha Iende Wapi?

Miongoni mwa maombi ya mikopo midogo yaletwayo mbele ya kamati za vyama vya akiba na mikopo, yamo ya wanachama wenye karakana nyumbani: maseremala, washona nguo na mafundi wa redio. Mwanachama wa Maisaka, hapa Babati, aweza kuandika kwamba ataka “kupendezesha karakana”, akataja jumla ya fedha bila kueleza ni kitu gani kitakachobandikwa, wala juu ya nini. Katibu asiridhike na maelezo hayo. Fedha hizo ni akiba ya wenzake, na wadhamini ndio watakaodaiwa kazi ikiharibika kabla ya deni kwisha.

Kwanza, meza ya kazi itenganishwe na makabati. Meza ya seremala hupigwa nyundo, hukwaruzwa na msumeno na kumwagikiwa gundi. Kuivika urembo ni kupoteza fedha. Tena uso ukiteleza, ubao hautulii wakati wa kupiga randa. Yafaa hadibodi tupu, ambayo ikichakaa hung’olewa na kuwekwa nyingine. Meza ya mshona nguo ni kinyume chake: yataka uso laini usiokwaruza kitambaa, na hapo ndipo fomaika inapostahili bei yake.

Fomaika si plastiki tupu, kama wengi wadhanivyo. Ni karatasi nyingi zilizoloweshwa utomvu wa kiwandani, zikashindiliwa kwa joto na nguvu hadi zikawa bamba moja. Karatasi ya juu ndiyo yenye rangi au mistari ya mti. Ilibuniwa Marekani mwaka 1912 ili kuzuia umeme mahali pa ulanga, yale madini yaliyopata kuchimbwa katika milima ya Uluguru. Unene wake ni kama milimita moja tu. Haiwezi kunyoosha ubao uliopinda wala kuponya ulioliwa na mchwa. Huficha tu, na mchwa huendelea chini yake.

Gundi yake hupakwa pande zote mbili, ikaachwa mpaka isinate kidoleni, ndipo pande zikutanishwe. Zikishagusana hazisogezwi tena. Kwa hiyo fundi hulaza fito nyembamba katikati, akalinganisha pembe, kisha huzichomoa moja moja huku akikandamiza. Hatari yenyewe ni mvuke wa gundi hiyo. Hushika moto upesi, nao ni mzito kuliko hewa, hivyo hutambaa sakafuni hadi kwenye jiko la mkaa la chumba cha pili. Pale ambapo ukuta mmoja tu huitenga karakana na jiko, kamati iulize kabla ya kutoa fedha: kazi itafanyika wapi? Moto wote uzimwe, watoto wawe mbali, milango na madirisha yawe wazi mpaka harufu iishe. Kubandika nje, kivulini, ni bora zaidi.

Makabati yaweza kugharimu kidogo. Kitenge kilichobandikwa kwa gundi nyeupe ya mbao, kikakauka na kupakwa vanishi mara mbili au tatu, chapendeza, kwa maoni yangu, kuliko mabamba mengi ya dukani. Karatasi zenye gundi nyuma hubanduka juu ya ubao wenye vumbi. Ubao usuguliwe kwa msasa, upakwe rangi ya mafuta na kuachwa ukauke kabisa. Achaguaye fomaika aufunike mlango pande zote mbili, japo ndani atumie bamba la bei nafuu, kwani mlango uliofunikwa upande mmoja hupinda unyevu unapobadilika.

Ombi liambatane na vipimo na ankara kifani. Bamba la kawaida ni futi 4 kwa 8. Kwa hesabu ya kalamu, lingetoa vipande 8 vya futi 2 kwa 2. Lakini fundi hukata kila kipande kizidi mlango kidogo, apate kusawazisha kingo kwa tupa, na kwa hiyo 8 hawezi kuvipata. Katibu akiona bamba moja limeombwa kwa milango 8 ya kipimo hicho, alirudishe ombi likahesabiwe upya.