Boti ya Umeme ya Kuchezea: Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kununua au Kuunda na Mtoto

Boti inayoendeshwa kwa rimoti humvutia mnunuzi kwa rangi na kasi yake. Hata hivyo, maswali mawili yana uzito kuliko hayo: boti ikizimika katikati ya maji, nani ataifuata? Na betri yake ni ya aina gani? Tunaanza na la kwanza, kwa kuwa linahusu uhai.

Boti ikizimika

Betri huisha, majani hunasa rafadha, na mawimbi ya rimoti yana kikomo. Mtoto akiona boti yake ikielea mbali hushawishika kuifuata, hata kama hajui kuogelea. Tunashauri mchezo ufanyike kwenye maji tulivu yenye kina kifupi, mtu mzima akiwepo ukingoni muda wote. Mtoto aelezwe mapema kwamba boti iliyozimika haifuatwi. Hurushiwa mshipi wenye boya dogo, au husubiriwa hadi upepo uirudishe. Ikumbukwe pia kwamba maji ya mabwawa na ya kando ya maziwa huweza kuwa na vimelea vya kichocho.

Wakati wa kuchagua

Kwa boti ya kwanza, betri za nikeli zenye alama ya NiMH zinatosha. Kila seli yake hutoa volti 1.2. Betri za lithiamu zenye alama ya LiPo hutoa volti 3.7 kwa seli na huipa boti kasi kubwa, lakini zikitobolewa au kuchajiwa kupita kiasi huweza kuwaka moto. Chaja iwe ya aina hiyohiyo ya betri. Kuchaji kufanyike juu ya sakafu au kigae, mtu mzima akiwa macho, na betri iliyovimba isitumike tena.

Rimoti inayotumia betri ndogo ya duara iwe na kifuniko kinachofungwa kwa skrubu. Betri hiyo ikimezwa huweza kuunguza koo la chakula ndani ya saa 2. Mtoto apelekwe hospitali mara moja.

Mzazi anayenunua boti mbili azingatie masafa. Boti mbili za megahezi 27 zenye chaneli moja huingiliana, ilhali zile za gigahezi 2.4 kwa kawaida kila moja hutii rimoti yake.

Tunashauri boti ijaribiwe kwenye beseni la maji dukani. Boti nyingi za kuchezea hazizungushi rafadha zikiwa nchi kavu, kwa sababu vipande vya chuma chini yake husubiri kuguswa na maji. Hiyo si hitilafu.

Wakati wa kuunda

Chupa mbili za plastiki zilizofungwa sambamba hufanya chombo kisichopinduka kwa urahisi. Mota ndogo na betri mbili za volti 1.5 zinatosha kwa jaribio la kwanza. Rimoti iongezwe baadaye. Betri ikae chini na katikati, ili omo na tezi visizidiane uzito. Mtoto akielezee chombo na mzigo wake wote kabla ya gundi kutumika, kwani hapo ndipo atakapojifunza mengi. Mhimili wa rafadha upakwe grisi pale unapopenya chomboni, na nafasi zilizo wazi zijazwe povu gumu ili boti isizame hata ikiingia maji. Kukata kwa kisu na kuunganisha nyaya kwa risasi ya moto ni kazi ya mtu mzima.

Baada ya kuchezea baharini, boti isuuzwe kwa maji baridi yasiyo na chumvi na kukaushwa, betri ikiwa imetolewa.

Haki ya mnunuzi

Risiti na boksi vihifadhiwe. Bidhaa isiyo na maelekezo ya betri, umri wa mtumiaji na jina la mtengenezaji isinunuliwe, hata kama bei yake ni nafuu. Chaja inayopata moto kupita kiasi iache kutumika, irejeshwe dukani, na taarifa itolewe kwetu ili wazazi wengine waonywe mapema.