Bakteria wa Vinundu: Mbolea ya Maharagwe ya Kakamega

Naitrojeni ni asilimia 78 ya hewa, lakini hakuna mmea unaoweza kuitumia ikiwa katika hali hiyo, kwa kuwa atomu zake zimeshikana wawiliwawili kwa nguvu mno. Viwandani huachanishwa kwa joto kali na shinikizo kubwa, kwa njia iliyoanzishwa Ujerumani na Fritz Haber na Carl Bosch mwanzoni mwa karne ya 20, na huko ndiko inakotoka naitrojeni ya DAP na CAN, mbolea zinazomgharimu sana mkulima wa Kakamega, magharibi mwa Kenya. Bakteria waitwao raizobia hufanya kazi iyo hiyo bila moto wala mtambo, ndani ya mizizi ya maharagwe, soya na njugu mawe.

Bakteria hao hupenya vinyweleo vya mzizi, na mmea ukawajengea vinundu. Mmea huwalisha sukari, nao hutoa amonia, naitrojeni katika hali ambayo mmea unaweza kuitumia. Kimeng'enya chao cha kuachanisha naitrojeni huharibiwa na oksijeni, kwa hiyo kinundu hutengeneza protini nyekundu, jamaa ya ile iliyomo kwenye damu, ili kuidhibiti. Ndiyo maana mkulima anaweza kuwakagua mwenyewe. Maharagwe yakianza kutoa maua, huchimbuliwa mche mmoja pamoja na udongo wake, kisha kinundu hupasuliwa kwa ukucha. Kikiwa chekundu au cha waridi ndani, kazi inaendelea. Kikiwa cheupe au cha kijani, hakuna kinachopatikana.

Mvua nyingi ya Kakamega imekuwa ikiosha chokaa ya asili kutoka ardhini, na udongo wa mashamba mengi una asidi nyingi na fosforasi kidogo. Raizobia hudhoofika katika asidi, na bila fosforasi mmea hauna nguvu ya kuwalisha. Kwa hiyo chokaa na fosforasi ndizo za kutangulia. Mbolea ya naitrojeni ikizidi, mmea huacha kujenga vinundu. Maharagwe ya kawaida, hata yakitunzwa vizuri, hupata naitrojeni kidogo kuliko soya. Lakini soya ni mgeni kutoka Asia, na bakteria wanaoifaa huenda wasiwemo shambani. Hapo ndipo inapohitajika Biofix, bidhaa ya raizobia iliyotokana na utafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi. Mbegu huchanganywa nayo kivulini na kupandwa siku hiyohiyo, kwa sababu jua huua bakteria.

Fosforasi inayochukuliwa na mmomonyoko kutoka mashambani hufuata mto Isiukhu, ikaingia Nzoia na hatimaye Ziwa Victoria. Huko hustawisha sayanobakteria, na baadhi yao hujitengenezea naitrojeni wenyewe. Maji hugeuka kijani na samaki hukosa hewa. Baharini, kinyume chake, kundi hilo lina manufaa makubwa. Trikodesmiamu, aina ya sayanobakteria inayoongezeka pwani ya Tanzania na Zanzibar wakati wa kaskazi, huingiza naitrojeni katika maji maskini, na viumbe wadogo wanaoliwa na samaki huipata humo.

Nyumbani Kakamega, sehemu kubwa ya naitrojeni ya maharagwe huishia kwenye punje, na hiyo huliwa. Inayobaki imo katika majani, mashina na mizizi, ila maharagwe hung'olewa mazima na kupurwa uani. Maganda yakichomwa kupata munyu, yaani chumvi ya majivu, wa kupikia mboga ya mrenda, naitrojeni yake hupotea na moshi, majivu yakabaki na potasiamu. Mabaki yakirudishwa shambani au yakilishwa ng'ombe na samadi ikamwagwa kwenye mistari, mahindi ya msimu unaofuata hupata naitrojeni hiyo.