Jani Linaloonya Juu ya Maji



Liko jani dogo la jamii ya alizeti lipendalo mahali pa majimaji. Wataalamu huliita Eclipta prostrata. Majani yake hukaa mawili mawili na hukwaruza mkononi. Ua lake ni jeupe, dogo kama kifungo cha shati. Ukitaka kulihakikisha, ponda majani mabichi: maji yake hugeuka meusi. Huko India watu hulitia katika mafuta ya nywele.

Kwa mkulima wa mpunga ni gugu, awe katika majaruba ya Didia, Shinyanga, au katika mabonde yetu ya Pemba. Majani mengi ya jamii hii mbegu zake zina manyoya na hupeperushwa na upepo; za hili hazina, basi husafiri na maji ya mifereji. Ling'oeni kabla halijazaa mbegu, wala msiliache juu ya tope, maana bua lake likigusa tope huota mizizi upya.

Na likionekana chini ya miche ya mikarafuu, msikwatue tu mkadhani kazi imekwisha. Jani hilo linawaambia kuwa maji yanatuama hapo. Mkarafuu hauvumilii maji yaliyotuama. Mizizi hukosa hewa, ikaoza, na mche ukafa. Chimbeni mfereji wa kutoa maji, na miche mingine ipandeni mahali palipoinuka. Udongo ukikauka vizuri, jani litapungua lenyewe.